Paka mmoja, namba mbili

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Rau, Moshi. Nina paka dume aliyehasiwa, anaitwa Tajiri, ana miaka 11 na kilo 6.8. Aligundulika ana kisukari mwezi wa nne, namchoma insulini yuniti 2 asubuhi na 2 jioni. Nampima mwenyewe sikioni kwa mashine ya binadamu niliyorithi kwa marehemu baba. Jumamosi asubuhi kabla ya chakula alisoma 10.4. Tukapanda Coaster kwenda kliniki Arusha, na saa saba mchana mashine yao ikasoma 19.1. Kijana wa duka la dawa za mifugo hapa mtaani anasema mashine ya binadamu kwa paka lazima ujumlishe mbili, na kwamba kwa 19 nipandishe insulini hadi 3. Sukari ya kweli ni ipi, na nipandishe?

JIBU: Marahaba dada, na pole kwa kumpoteza mzee. Insulini usipandishe, hata nusu yuniti.

Tuanze na hiyo Coaster. Tajiri alifungiwa kwenye tenga, akabebwa kilomita 80 hivi za honi na muziki, kisha akawekwa kwenye benchi la kliniki, kulia mbwa, kushoto mbwa. Halafu mtu asiyemjua akamkamata ngozi ya shingo na kumtoboa. Paka akitishika mwili humwaga adrenalini, nayo hulisukuma ini litoe sukari liliyoiweka akiba. Ndani ya dakika chache namba inapaa, na inaweza kubaki juu kwa saa kadhaa. Sukari ya kawaida ya paka ni kama 4 hadi 8 (milimoli kwa lita, kipimo cha mashine zetu), lakini paka asiye na kisukari kabisa anaweza kufika 16 kwa hofu tu. Kwa hiyo 19.1 huenda ilikuwa sahihi kwa damu ya saa ile. Ila haikupima kisukari chake, ilipima safari.

Ndiyo maana huwa nasisitiza watu wapime nyumbani, na ndiyo maana nachoka kila wiki kusikia kwamba mashine kubwa ya kliniki ndiyo inayosema kweli na ile ndogo ya sebuleni inadanganya. Kwa paka mara nyingi namba ya sebuleni ndiyo yenye maana zaidi, mradi umeipata vizuri.

Sasa hiyo hesabu ya kujumlisha mbili. Mashine za binadamu zimepangwa kwa damu ya binadamu, ambayo karibu asilimia 42 ya sukari yake imo ndani ya chembe nyekundu. Kwa paka ni kama asilimia 7 tu. Iliyobaki yote iko kwenye majimaji ya damu. Ndiyo sababu mashine ya binadamu kwa paka husoma chini kidogo ya ukweli, mara nyingi. Lakini pengo hilo si la kudumu: sukari ikiwa juu hupanuka, ikiwa chini hufinyika. Na paka mzee ambaye figo zimechoka na damu imepungua, mashine nyingi humpa namba ya juu kuliko ukweli, kinyume kabisa. Juu ya hayo, kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinaziruhusu kukosea hadi asilimia 15 kila upande pale sukari inapozidi 5.5. Yaani 10.4 yako, hata kwa damu ya mtu, ingeweza kuwa 9 au 12. Mtu anayejumlisha mbili hapo anapiga ramli.

Hatari yenyewe iko kwenye namba za chini. Siku Tajiri atakaposoma 3.1, ukijumlisha mbili utaona 5.1, utatabasamu, utaendelea kupika, na paka atakuwa anaelekea kwenye degedege. Namba ikishuka chini ya 3.5 hatujumlishi chochote. Tunampa chakula, na kama analegea au anayumba tunampaka asali kwenye fizi na kupiga simu palepale. Asali kidogo tu, usimmiminie mdomoni akapaliwa.

Zipo mashine za wanyama ambazo unaziwekea namba maalumu, moja ya paka na nyingine ya mbwa. Ukiipata, hakikisha umeweka ya paka. Usipoipata, endelea na ya binadamu, lakini iwe hiyohiyo moja kila siku, na kwenye daftari andika namba jinsi ilivyosoma. Marekebisho niachie mimi.

Mashine ya mzee sina neno nayo. Stripu, vile vijikaratasi vinavyopokea tone la damu, ndizo zinazonitia shaka: nazo ulizirithi? Nimeona stripu zilizopitwa na muda, zilizokaa kopo wazi jikoni juu ya jiko la mkaa, na zile zinazouzwa mojamoja zimefungwa kwenye kipande cha nailoni kama karanga. Stripu ina kimeng'enya, na unyevu na joto hukiua. Nunua kopo lililofungwa, soma tarehe, toa moja, funga kifuniko hapohapo. Kama mashine ina maji yake ya majaribio, yatumie kila ukifungua kopo jipya. Na angalia kipimo kwenye kioo: mashine zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani husoma kwa miligramu badala ya milimoli, ambapo 180 ndiyo 10 yetu. Kuna mzee mmoja alinipigia simu saa nane usiku kwamba paka wake ana sukari 126. Paka alikuwa na 7, na alikuwa amelala usingizi mzuri kuliko sisi wawili.

Kuhusu kutoboa, kwa kuwa tayari unatumia sikio sitakuchosha. Makosa ninayoyaona ni mawili. La kwanza ni spiriti: inachanganyika na tone, na paka anaichukia. Maji na kitambaa safi vinatosha, kisha kausha. La pili ni kukamua. Sikio likiwa baridi, hasa asubuhi za mwezi wa saba, damu haiji, mtu anaanza kulikamua kama chuchu ya mbuzi, na kinachotoka ni maji ya mwilini yaliyochanganyika na damu. Pasha mchele mkavu kwenye sufuria, utie ndani ya soksi, jaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako, kisha ushikize sikioni dakika moja. Kisha lipake sikio mafuta ya mgando kidogo sana ukingoni ili tone lisimame kama shanga. Ukimaliza bana kwa pamba, mpe dagaa wake. Akishajua sindano inakuja na dagaa atakufuata mwenyewe.

Sasa lile la kupandisha dozi. Namba moja haipandishi insulini, iwe ya nyumbani au ya kliniki. Namba ya asubuhi inakuambia sukari ilikuwa wapi insulini ya jana ilipoisha nguvu. Haikuambii ilishuka hadi wapi katikati. Mwaka jana nililetewa paka wa Kijenge ambaye kila asubuhi alisoma 17 au 18, na kila wiki mwenye paka akaongeza yuniti moja kwa ushauri wa dukani, mpaka wakafika 6. Tulipompima kila baada ya saa chache, saa nane mchana alikuwa na 2.4. Kila siku alikuwa anazama na kuibuka, na hakuna aliyemwangalia mchana.

Kwa hiyo chagua siku moja ambayo hutoki. Pima kabla ya chakula na sindano ya asubuhi, kisha kila baada ya saa mbili mpaka sindano ya jioni. Zitakuwa namba saba. Ninayoitafuta ni ile ya chini kabisa na saa yake. Ikianguka kati ya 5 na 8 mimi nafurahi, hata kama asubuhi ni 13. Kumbuka figo za paka huanza kumwaga sukari kwenye mkojo ikifika kama 15, naye hukojoa na kunywa maji zaidi, hivyo bakuli la maji nalo ni kipimo. Jaza kwa kikombe na uandike anakunywa vikombe vingapi. Mpime uzito kila wiki.

Huyo kijana wa duka sina ugomvi naye, anauza dawa za minyoo na chanjo za kuku na pengine anazijua vizuri. Lakini mtu anayekupangia insulini bila kuuliza ni aina gani, wala bomba lako ni la U-40 au la U-100 (yuniti 40 au 100 kwa kila mililita), hajui anachokishika. Insulini ya U-100 ukiivuta kwa bomba la U-40 mpaka alama ya 2, umechoma yuniti 5. Nimepokea paka wa namna hiyo, na si wote waliorudi nyumbani. Na kuna kundi jingine, la majani ya mlonge na mwarobaini uliochemshwa, linalokwambia usimamishe sindano wiki mbili "mwili ujisafishe". Mwaka 2011 tuliziona foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, na angalau binadamu alipanga foleni kwa hiari yake. Paka hachagui. Akikosa insulini mwili huanza kuchoma mafuta, ketoni (asidi zinazotokana na mafuta hayo) hujaa kwenye damu, anatapika, anagoma kula, na siku chache zinatosha kummaliza. Baadhi ya paka huacha kuhitaji insulini, hilo ni kweli na nimelishuhudia. Walifika huko kwa chakula cha nyama kisicho na wanga mwingi, kwa kupungua uzito taratibu, na kwa sindano isiyokosa saa.

Tajiri mwache kwenye yuniti 2. Pima hiyo siku moja, piga picha ya daftari, ya kopo la stripu upande wa tarehe, ya chupa ya insulini na ya bomba, unitumie. Yeye mwenyewe usimpandishe gari.