Kabla hujasema "kamili": kwa wauguzi wapya wa thieta

Juzi nimemkuta mdogo wetu mmoja anajaza karatasi ya usalama wa upasuaji, vipengele vyote 19, mgonjwa ameshafika wodini na anapimwa presha. Tiki kutoka juu hadi chini, kisha sahihi. Nikamuuliza, "Hesabu ya gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, wakati wa kufunga ilikuwa ngapi?" Akajibu, "Sista, ilikuwa sawa tu." Hiyo "sawa tu" ndiyo imenikalisha niandike, maana si yeye wa kwanza, na kila kundi jipya linaloingia thieta huja nayo.

Nawapenda, na mnajua. Mnatoka vyuoni wepesi wa mikono, majina ya vifaa mnayajua kuliko tulivyoyajua sisi tulipoanza. Ndiyo maana inaniuma kuona mnaangukia kwenye mashimo yaleyale. Nisikilizeni.

1. Kabla hujavaa, jua leo wewe ni nani. Kama ni skrabu, yule anayempa dokta vifaa mezani, ukishaosha mikono na kuvaa gauni huokoti kitu sakafuni, hushiki simu, mikono haishuki chini ya kiuno. Kama ni rana, yule asiyevaa gauni anayeleta vitu na kuandika ubaoni, usifikiri umepewa zamu ya kupumzika. Mgonjwa hajaingia, wewe umeshawasha mashine ya kufyonza na kusikia inavuta, umeangalia taa, umejua oksijeni imebaki kiasi gani na jenereta ina mafuta. Nimeshamwona rana anakimbia korido nzima kutafuta mpira wa kufyonzea, na tumbo liko wazi limejaa damu. Asubuhi yake alipita mbele ya mashine ile mara kadhaa akienda kunywa chai.

2. Karatasi ile husomwa kwa sauti. Mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu, kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Nasikia mnanong'ona kwamba ni makaratasi ya kigeni, yameletwa kutuchosha. Basi mjue kwamba Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu karatasi hiyo, matokeo yakachapishwa mwaka 2009, hospitali zilikuwa 8 tu duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, hapa hapa Morogoro. Zilikuwepo za London, Toronto na Seattle, na wauguzi wa Ifakara nao. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi iliyojazwa wodini haiwezi kumsaidia mtu yeyote. Inayosaidia ni ile dakika ambayo chumba kizima kinanyamaza, mtu anataja jina la mgonjwa, upande unaokatwa, mzio alionao, na kama antibayotiki imeingia ndani ya dakika 60 zilizopita. Anayekinyamazisha chumba ni wewe. Dokta akisema tuna haraka, mjibu kwa heshima, "Ndiyo dokta, naanza kusoma," na uanze kusoma.

3. Hesabu. Hapa nitakaa.

Ilikuwa usiku, dharura, mama wa upasuaji wa uzazi. Mimi nilikuwa rana. Mtoto alitoka amelegea, nikaenda kusaidia kumpa pumzi kwa ambu, ule mfuko wa kupulizia hewa, hadi akalia. Nyuma yangu kizazi kilikuwa hakijakaza, damu nyingi, dokta anaomba paki, zile gozi kubwa za tumboni, na skrabu anatoa. Niliporudi mezani walikuwa wanajiandaa kufunga. Skrabu akahesabu paki: nne. Ubaoni imeandikwa tano, kwa mwandiko wangu.

Nikatazama sakafuni. Pembeni ya gurudumu la mashine ya kufyonza palikuwa na donge la kitambaa, limelowa damu, limejikunja, ukubwa wa ngumi. Nikasema, "Ile pale ya tano." Dokta akauliza, "Sista, hesabu?" Nikajibu, "Kamili, dokta." Akafunga.

Sikuinama. Wadogo zangu, ndicho nilichokosa kufanya, kuinama tu. Ningevaa glovu nikaliokota na kulikunjua, ningeona ni kipande cha shuka alichofutiwa mtoto. Paki ina kamba kwenye pembe, ile tunayoibana na ateri, koleo la kubania, ili ining'inie nje ya kidonda. Kipande kile hakikuwa na kamba. Na paki ya tano, kamba yake haikubanwa, kwa sababu ateri kwenye trei zilikuwa zimekwisha na mimi niliyepaswa kuziongeza nilikuwa kwa mtoto. Nilikuwa nimechoka, nilifurahi kwamba mtoto amelia, nikataka kila kitu kiwe kimekwenda vizuri, na jicho langu likaona nilichotaka kukiona.

Mama alirudi na homa, tumbo limejaa, chakula hakikai. Eksirei ikaonyesha uzi wa paki, ule unaoonekana kwenye picha. Akafunguliwa tena, akalala wodini muda mrefu, kichanga ananyonyeshwa na mama mwenye mrija puani. Alipona, namshukuru Mungu. Dokta alipokwenda kumweleza yeye na mumewe, niliomba niwepo. Yule mama hakupaza sauti. Aliuliza, "Kwa hiyo hamkuhesabu?" Nikamwambia, "Tulihesabu, mama. Mimi ndiye niliyesema imetimia, na haikuwa imetimia." Akageukia ukutani. Mume ndiye aliyetusindikiza mpaka mlangoni, akasema asante kwa kusema ukweli, na ile asante ilinichoma kuliko matusi.

Kwa hiyo mkiniona nawafokea juu ya gozi, mjue ninachokiona mimi. Hesabuni wawili, kwa sauti, skrabu anagusa na rana anatazama: kabla ya kuanza, kabla ya kufunga kizazi, kabla ya kufunga tumbo, na kwenye ngozi. Kila bunda jipya linalofunguliwa liandikwe ubaoni kabla halijaguswa, hata kama mtoto anakusubiri, na kama huwezi kuandika, mwite mwenzako aje aandike. Kila kilichotumika kikunjuliwe, kipangwe tano tano mahali panapoonekana. Ndoo, shuka wala taka zisitoke chumbani kabla ya hesabu ya mwisho. Na jifunzeni sentensi hii mpaka iwatoke bila kufikiri: "Dokta, naomba usifunge, paki moja sijaiona." Atakasirika. Wengine watakuambia wewe ni mgeni, huna uzoefu. Rudia. Itafuteni kidondani, mezani, chini, kwenye ndoo, na isipoonekana mgonjwa apigwe eksirei kabla hajaondoka, na uandike kila kitu kwenye faili. Sijawahi kumwona daktari bingwa aliyebaki na hasira baada ya gozi kupatikana.

4. Mengine nayasema kwa haraka. Spiriti ya kusafishia ngozi ikauke kabla ya daiathemi, mashine ya umeme ya kukata na kuzuia damu, kuwashwa, na isituame chini ya mgongo wa mgonjwa. Sahani ya daiathemi ikae penye nyama, pakavu. Furushi la vifaa likitoka kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, limelowa, si safi, lirudi. Tepe ya nje ya furushi kubadilika rangi maana yake furushi limepita kwenye joto. Kama mvuke ulifika ndani, utajua kwa kuangalia kipimo cha ndani. Kisu na sindano vipite kwenye bakuli lenye umbo la figo, si mkono kwa mkono. Mkono wa mgonjwa usipanuliwe kupita nyuzi 90, mishipa ya fahamu huumia na atakuja kuuliza kwa nini vidole havina hisia. Mama mjamzito asilazwe chali kabisa, muwekee mto chini ya nyonga ya kulia aegemee kushoto. Mwanafunzi mmoja wa fildi alinitazama tu nilipokuwa nasukuma mto ule, presha imeshuka na mama anasema anazimia. Presha ilipopanda akaniuliza, "Ni mto tu huo, sista?" Tangu siku ile hakuna aliyemtangulia kuuweka. Nina furaha naye sana.

5. Sampuli. Hapa mnazembea, kwa sababu inakuja mwishoni na kila mtu anataka kutoka. Kuna mzee huko wodini, au mama mwenye uvimbe wa titi, anasubiri jibu la kile kipande kujua kama ni saratani. Kikipotea hakuna cha kukata tena. Uliza kama kuna formalini, dawa ya kuhifadhia kipande, kabla dokta hajaanza, iwe nyingi kuliko kipande, kama mara kumi. Taja kwa sauti jina la mgonjwa na mahali kilipotoka, dokta athibitishe, ndipo uandike. Na lebo ibandikwe kwenye kopo lenyewe, siyo kwenye kifuniko, maana maabara wakifungua makopo mengi kwa pamoja, vifuniko huchanganyika.