Mwanangu amemfungia nyoka ndooni: je, tumfuge?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mimi nauza mchele sokoni Arua. Mwanangu wa miaka 12 alimkuta nyoka mdogo wa kahawia kati ya magunia, akamtia kwenye ndoo ya rangi na kuitoboa kifuniko. Anasema hana sumu, na atatumalizia panya. Je, dini inaturuhusu kumfuga?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Ndugu yangu, msimfuge. Katika hadithi ya Bi Aisha iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) amemtaja nyoka miongoni mwa viumbe watano wanaouawa hata ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka. Kwa hiyo Imam Zarkashi, katika wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, akasema ni haramu kuwafuga hao. Aliyeruhusiwa kuuawa popote, utamtunzaje chumbani?

Hilo la "hana sumu" ndilo lililonikosesha raha. Amejuaje? Nyoka wa majumbani, yule wa kahawia anayewinda panya na mijusi usiku, kweli hana madhara. Lakini huku kwetu yuko mdogo mwingine, mweusi au wa kahawia iliyokolea, anayeishi chini ya udongo. Jino lake la sumu hutokeza pembeni mwa kinywa hata kikiwa kimefumbwa, basi ukimbana kisogoni anakuchoma kidole vilevile. Nimewaona watu wazima, ndevu zimewajaa, wakijigamba kwa kumbana nyoka hivyohivyo, sembuse mtoto.

Na sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 nayo inataka kibali.

Je, mumuue? Angewavamia, ningesema ndiyo, hata mkiwa ndani ya swala. Huyu hajamdhuru mtu, na Mtume aliwakataza watu wa Madina kuwaua nyoka wa majumbani kabla ya kuwaonya. Kwangu mimi, kumrudisha kichakani kunatosha. Ila asikae ndooni hata siku moja zaidi: mnaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie.

Msimguse. Jioni ibebe ndoo imefunikwa hadi mbali na nyumba za watu, ilaze ubavu, sukuma kifuniko kwa fimbo ndefu, kisha rudi nyuma. Panya wa mchele mwachie paka. Kijana akinuna, mtafutie njiwa. Abu Umair, mtoto mdogo wa zama za Mtume, naye alikuwa na kindege chake, na Mtume akimtania kwacho.