Nyuso za Barabara ya Morogoro

Wiki hii jarida lenu limeuliza kama wapo watu tunaoonana nao kila siku safarini bila kujuana majina, na ni kipi kinachotuzuia kusalimiana. Mimi ninaishi Kibaha na kufanya kazi Kariakoo, kwa hiyo Barabara ya Morogoro imenipatia watu wa namna hiyo wengi kuliko majirani zangu.

Yupo mzee anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa kuelekea mjini, ambaye tukimpita kabla hajafika Kibamba ninajua kwamba nimewahi, na tukimkuta Mbezi ninajua kwamba nimechelewa. Yupo pia dada mwenye sare za uuguzi anayepanda basi la mwendokasi Kimara na kushuka Faya, bila shaka akielekea Muhimbili. Wengine nimewapoteza. Nyumba na maduka ya kando ya barabara yalipobomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi kati ya Kimara na Kibaha, fundi cherehani niliyezoea kumwona barazani alfajiri, taa ikiwa bado inawaka, alitoweka pamoja na baraza lenyewe. Nilitamani kujua alikohamia, lakini utamwuliziaje mtu usiyemjua hata jina?

Mwanasaikolojia wa Marekani, Stanley Milgram, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1972, baada ya wanafunzi wake kuwapiga picha abiria waliokuwa wakisubiri treni kituoni, kisha kuwapa abiria haohao picha hizo ili waoneshe waliowatambua. Kwa wastani kila mmoja alitambua watu wanne ambao hakuwahi kusema nao. Kilichonivutia zaidi ni maelezo yake kwamba mtu anayetaka kuuliza saa humwendea asiyemfahamu kabisa kuliko yule anayemwona kila siku, kwa kuwa kadiri ukimya unavyodumu ndivyo kuuvunja kunavyozidi kuwa kazi.

Kwetu sisi, tuliolelewa kuamkia wakubwa tusiowajua, ukimya huo ungeonekana utovu wa adabu, nami nadhani ndiyo maana mtu akipanda daladala alfajiri huweza kusema "habari zenu" kwa wote kisha akanyamaza: salamu ya jumla haimfungi mtu. Salamu ya mmoja kwa mmoja ina madai yake, kwa kuwa baada ya habari za asubuhi huja za nyumbani, kisha za kazini, na safari yetu ni ndefu mno kwa aliyekusudia kusinzia. Kwa hiyo ninauhesabu ukimya huu kuwa staha. Ushahidi wangu ni bonde la Jangwani, ambalo barabara yetu hulivuka: mvua kubwa zinapolifurisha na barabara kufungwa, watu walewale wasiosemezana huulizana njia, huchanga nauli ya bajaji na kupokezana simu yenye chaji, halafu barabara ikifunguliwa kila mmoja hurudia dirisha lake kana kwamba hapakutokea kitu.

Milgram alieleza pia kwamba watu wa aina hii wakikutana mbali na mahali pao pa kawaida huzungumza kwa urahisi, na hilo ninaweza kulithibitisha. Mwaka jana nilikuwa kwenye foleni ya benki Dodoma nikasikia, "Kaka, si wewe wa mwendokasi?" Alikuwa yule dada wa Faya. Tulishikana mikono kama ndugu waliopotezana, tukaulizana kilichotuleta, na tukaagana vizuri.

Tatizo ni kwamba sote tulirudi Dar es Salaam. Sasa kila tukionana Kimara hatuna budi kuulizana habari za watoto, ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuwaona wa mwenzake, kisha tunakosa la kuongeza kabla hata basi halijafika Ubungo. Ni mtu mwema na sijutii kumfahamu, ila zipo asubuhi ambazo mimi hupandia mlango wa nyuma, na ninashuku kwamba zipo ambazo yeye hunitangulia kufanya hivyo.