Jibu: Napelekaje oda kwenye templeti ya Django (mfumo wa Python wa kujenga tovuti)?

Mkuu, usipandishe hicho kitu kwenye seva! Nimeona `Oda.objects.all()` (yaani oda zote) uliyoitupa kwenye `render`, halafu lupu ya templeti, ile faili ya HTML, inaita `oda.mteja.jina` na `oda.bidhaa.jina`. Tumbo limeniuma.

Inafanya kazi, ndiyo. Kwenye laptop yako, oda tano na SQLite (hifadhidata ya faili moja, hapo hapo kwenye mashine yako), nini kitashindwa kufunguka? Subiri zifike 200. Django haimleti mteja pamoja na oda. Inamfuata pale templeti inapomtaja. Kwa hiyo kweri (ombi kwa hifadhidata) moja ya oda, 200 za wateja, 200 za bidhaa. Kweri 401 kwa ukurasa mmoja. Na hifadhidata ikiwa mashine nyingine, kila moja inakwenda na kurudi mtandaoni.

Mimi niliuzia duka la jumla mfumo wa hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi karani anafungua oda, kiduara kinazunguka, anachoka, anabonyeza tena, kweri mpya zinapanda juu ya zile za kwanza. Seva chali. Nikaongeza RAM kwa hela yangu, maana nilishamwapia mwenye duka kwamba shida ni intaneti yake. (Intaneti yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.) Malipo ya awamu ya mwisho hadi leo nayasikia kwa jirani.

Na yule mwalimu wa video, niliyemlipa kabisa, anakwambia "templeti itajitafutia yenyewe". Itajitafutia kweli, kwa kugonga mlango wa hifadhidata mara mia nne! Sidhani kama yule amewahi kuwa na wateja zaidi ya watatu, mmoja wao mama yake.

Andika hivi kwenye vyu (view, ule msimbo wa Python unaoandaa data ya templeti):

`oda = Oda.objects.select_related('mteja', 'bidhaa')`

Kweri moja yenye JOIN, inayounganisha majedwali, basi. Oda moja ikiwa na bidhaa nyingi, hapo tumia `prefetch_related`, inayoleta bidhaa zote kwa kweri moja ya ziada. Wala usije na Paginator (ya kugawa orodha kurasa kurasa) ukadhani umepona: oda 50 kwa ukurasa bado ni kweri zaidi ya 100.

Templeti isiende hifadhidata. Kila kitu kikusanywe kwenye vyu. Sakinisha django-debug-toolbar (inakuonyesha kweri za kila ukurasa) leo hii, ongeza oda za uongo mia hivi, fungua kidirisha cha SQL. Kweri zikiongezeka kadiri oda zinavyoongezeka, bado hujapona. Tuwekee hapa namba unayoiona.