Maswali ya Wasomaji: Ekseli Iliyokatika Inaweza Kukufikisha Chuo Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilihitimu shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo mwaka 2022 kwa GPA ya 3.3, na tangu hapo ninafanya kazi katika karakana ya malori mjini Tanga. Tunaletewa ekseli zilizokatika, nyingine zikiwa zimekatika siku ambayo lori halikuwa na mzigo mkubwa, na sijapata mtu wa kunieleza sababu. Ninatamani kusoma mekanika ya vitu yabisi au sayansi ya nyenzo hadi ngazi ya utafiti, lakini sina fedha, na maombi yangu mawili ya ufadhili yamekataliwa. Je, haya ni masomo mawili au moja, na nianzie wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako lina umri mkubwa kuliko unavyodhani. Mwaka 1842 treni ilianguka karibu na Versailles, Ufaransa, baada ya ekseli ya injini yake kukatika, na watu wengi wakafa. Katika miaka ya 1850 mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, alianza kupima ekseli kwa kuzizungusha na kuzikunja mara nyingi mno, akaonyesha kwamba chuma huweza kukatika kwa nguvu ndogo kuliko ile inayoweza kukivunja kwa mara moja, mradi nguvu hiyo irudiwe vya kutosha. Hali hiyo huitwa uchovu wa chuma. Ufa huanzia mahali padogo, kama vile kwenye kona kali, mkwaruzo au mahali palipochomelewa vibaya, kisha hukua polepole hadi sehemu iliyobaki isiweze kubeba hata mzigo wa kawaida. Ukiitazama vizuri ekseli yako mahali ilipokatika, huenda ukaona mistari iliyopinda mithili ya ile ambayo maji yanayokupwa huiacha kwenye mchanga wa ufukweni. Fuata kitovu cha mistari hiyo, nawe utapaona mahali ufa ulipoanzia.

Hapo ndipo tofauti ya masomo haya mawili inapojitokeza. Mwanamekanika atakokotoa nguvu zilizokuwa zikipita mahali hapo na kasi ambayo ufa ungekua. Mwanasayansi wa nyenzo atakata kipande, akisugue hadi king'ae na kukitazama kwa hadubini ili ajue chembe za chuma zimepangwaje na kama kilipashwa moto na kupozwa inavyotakiwa. Mtafiti mzuri wa uchovu wa metali anahitaji yote mawili, ingawa chuo kitakutaka uchague mlango mmoja wa kuingilia. Kwa shahada uliyonayo, mlango wa mekanika ni mwepesi zaidi.

Kuhusu maombi yaliyokataliwa, hukutueleza uliandika nini, lakini mengi niliyopata kuyasoma yana kasoro moja: mwombaji anaeleza shida zake na hamu yake ya kusoma, bila kutaja hata tatizo moja analotaka kulichunguza. Wewe unalo, tena liko sakafuni pa karakana. Kwa ruhusa ya mwenye karakana, piga picha za ekseli kumi, andika umri wa lori, njia linayopita na mahali ufa ulipoanzia, kisha umwandikie mhadhiri anayeshughulikia jambo hilo barua ya ukurasa mmoja kabla hujajaza fomu yoyote. Mhadhiri akikubali kukusimamia, maombi ya ufadhili huwa na uzito mwingine kabisa.

Nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya uhandisi na teknolojia, na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, ambayo hufundisha shahada za juu tu, ina skuli inayojumuisha sayansi ya nyenzo. Ukielekea kusini, Chuo Kikuu cha Cape Town kina kituo cha CERECAM kinachoshughulikia mekanika tumizi na ukokotoaji wa kompyuta. Kwa Ujerumani, angalia ufadhili wa DAAD, shirika la nchi hiyo la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, kwa kozi zinazohusiana na maendeleo: hutaka angalau miaka miwili ya kazi, ambayo tayari unayo, lakini kwa kawaida shahada yako isizidi umri wa miaka sita, kwa hiyo usichelewe. Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, nayo ina shahada za uzamili za nyenzo zinazosomwa katika vyuo vya nchi zaidi ya moja, na wanaopata ufadhili wake hulipwa euro 1,400 kwa mwezi katika awamu ya mwaka 2021 hadi 2027.

Nikiruhusiwa kuongeza neno: usiidharau katani ya huko kwenu. Nyuzi zake huimarisha plastiki, lakini hunyonya maji na hazishikamani vizuri na plastiki hiyo, na bado watu wanatafuta namna ya kuzitibu kwa gharama nafuu.

SWALI: Mimi nimesoma fizikia na ninaishi Bukavu. Hatuna maabara ya maana. Je, nisahau utafiti wa nyenzo?
Msomaji, Bukavu

JIBU: Usisahau. Sehemu kubwa ya utafiti huu hufanywa kwa kompyuta, kwa kukokotoa jinsi elektroni zinavyojipanga ndani ya kitu. Programu ya Quantum ESPRESSO hutolewa bure, na kwa mazoezi ya mwanzo kompyuta ya kawaida inatosha. Kuna pia mafunzo ya ASESMA, yaliyoanza Cape Town mwaka 2010 na kufika Eldoret, Kenya, mwaka 2012, ambayo huwafundisha vijana wa Afrika kazi hiyo hiyo. Jirani yako Kigali kuna taasisi ya EAIFR, mshirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, ambayo hutoa shahada ya uzamili ya fizikia. Masomo yake ni kwa Kiingereza. Kama ulisoma kwa Kifaransa, anza kujinoa lugha sasa, kabla ya fomu.