Madoa meupe kwenye MRI ya mwenye kipandauso

Je, madoa meupe kwenye MRI (picha ya ndani ya ubongo) yana maana kwamba kipandauso kinakula ubongo? Hapana, hakili. Hayo madoa meupe madogo kwenye MRI kweli huonekana zaidi kwa wenye kipandauso, hasa wale wanaoona vimulimuli au mistari ya zigizaga kabla kichwa hakijaanza kugonga. Lakini utafiti wa Uholanzi uliowapima tena watu walewale baada ya miaka 9 hivi (matokeo yalitoka 2012) ulikuta madoa yameongezeka zaidi kwa wanawake wenye kipandauso, ila akili na kumbukumbu zao hazikushuka kuliko za wenzao. Wala kuongezeka kwa madoa hakukufuata wingi wa mashambulizi ya kipandauso. Presha nayo huleta madoa kama hayo, kwa hiyo pima presha yako. Mkono ukilegea ghafla ni habari nyingine, kimbia hospitali.