Nyumba ya chuma ya baada ya vita: anza na miguu ya nguzo

Miezi hii naulizwa sana na Waswahili wenzangu mlioko Uingereza, mnaotafuta nyumba ya kwanza na kukutana na zile za chuma zinazoitwa BISF. Nimezikagua kwa miaka mingi, na nikiri kwamba nazipenda. Haya, tuanze.

Kaka, nimepata nyumba ya vyumba vitatu kwa bei nafuu, dalali anasema ni BISF. Nilimtumia mama picha Tanga, akaona ukuta wa juu ni mabati, akasema nakwenda kutupa hela kwenye banda. Nimjibu nini?

Mpe mama shikamoo yangu, kisha umweleze kuwa bati analoliona ni nguo tu, mwili uko ndani. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba, waashi wachache, na matofali ya kugombaniwa. Shirikisho la viwanda vya chuma, ambalo kifupi chake ndicho hiyo BISF, likaamua kutumia chuma. Mbunifu alikuwa Frederick Gibberd, mhandisi Donovan Lee. Nyumba za majaribio zilisimamishwa Northolt, magharibi mwa London, mwaka 1944, na baada ya vita zikajengwa zaidi ya 30,000.

Nguzo na boriti za chuma ndizo zinazobeba kila kitu. Chini ukuta umepigwa lipu juu ya wavu wa chuma, juu umevikwa mabati. Na wala hazikukusudiwa kuwa za muda. Za muda zilikuwa zile nyumba ndogo zisizo na ghorofa, zikiwemo za alumini zilizotengenezwa na viwanda vya ndege. Hizo zilitarajiwa kudumu kama miaka 10 hadi 15, na watu huzichanganya mno na hizi.

Nyingine zimeshavikwa matofali. Nitazitambuaje?

Chukua tochi, panda juu ya dari. Ukikuta kenchi za chuma badala ya mbao, anza kuuliza maswali.

Benki inasita kunikopesha na dalali ananidai cheti cha PRC. Nitakipata wapi?

Usihangaike nacho, hakikuhusu. PRC ni nyumba za zege lililomwagwa kiwandani, kama Airey na Cornish Unit, ambazo nyingi serikali ilizitangaza kuwa na kasoro chini ya sheria ya mwaka 1984. Cheti chao kinaonyesha kwamba zimekarabatiwa kwa utaratibu uliokubaliwa. BISF haikuwahi kuwekwa kwenye orodha ile. Kila benki ina msimamo wake, kwa hiyo itajie jina BISF kabla hujalipia uthamini, na kampuni ya bima uiulize hivyo hivyo. Dada mmoja alilipa ada mara mbili kwa sababu hakuna aliyemwambia aulize mapema. Iliniuma sana.

Mthamini wa benki ameshapita na amesema sawa. Bado nahitaji mkaguzi?

Unamhitaji sana. Mthamini anailinda hela ya benki. Omba ukaguzi wa daraja la 3 wa RICS, yaani chama cha wakaguzi na wathamini wa majengo, na umwulize mkaguzi kama amewahi kukagua BISF. Akiona dalili, aongezewe mhandisi wa miundo.

Kinachotafutwa ni kutu kwenye miguu ya nguzo, pale chuma kinapokutana na jamvi la zege. Ugonjwa wa nyumba hizi huanzia hapo. Bati la juu likipata kutu utaliona ukiwa barabarani, lakini mguu wa nguzo umefichwa na lipu nje na ubao ndani.

Kuna nyumba nilipiga magoti kwenye kona ya jikoni, nyuma ya mashine ya kufulia. Bomba lilikuwa linavuja taratibu kwa miaka, na nje mwenye nyumba alikuwa amerundika udongo wa maua ukutani. Tulipobandua lipu kipande cha ukubwa wa kiganja, chuma kilitoka kwa matabaka kama chapati ya mafuta unapoichambua. Bisibisi ikaingia bila nguvu. Lakini tulipofungua juu kidogo ya hapo, rangi ya kiwandani ilikuwa bado imeshika. Nguzo ile ilikatwa sehemu iliyooza, ikachomelewa chuma kipya, na bei ikashushwa kulipia kazi hiyo. Familia inaishi humo hadi leo.

Kwa hiyo mwombe muuzaji ruhusa ya kufungua matundu machache, hasa kwenye pembe, karibu na jikoni na bafu, na chini ya gata linalovuja. Kamera ndogo ya mrija inaweza kuingizwa ndani ya ukuta bila kubomoa. Muuzaji akikataa katakata, mimi ningeondoka.

Paa linasemekana ni la asbesto. Tukimbie?

Hapana. Nyingi ziliezekwa kwa vipande vipana vya saruji yenye asbesto, na vikiwa vizima havina hatari kubwa. Hatari iko kwenye vumbi. Msitoboe, msisugue, msioshe kwa maji ya presha, na siku ya kuezua aitwe mtaalamu. Uliza pia kuhusu dari na vibanda vya uani, kwa sababu Uingereza ilipiga marufuku asbesto kabisa mwaka 1999 tu.

Muuzaji anajivunia kwamba kuta zimefunikwa upya kuzuia baridi. Ni faida?

Ni faida kubwa, maana nyumba hizi zina baridi na kuta hutoa jasho. Ila dai picha za miguu ya nguzo kabla haijafunikwa, pamoja na cheti cha ukamilishaji cha halmashauri. Kufunika juu ya kutu ni kumfunga mgonjwa bandeji bila kuosha kidonda. Pasipo hati, fungua matundu kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Tunaungana ukuta na jirani. Kuna la kuangalia?

Lipo, nalo husahaulika. Mkiwa kule juu na tochi, hakikisheni ukuta wa kati unafika hadi paani bila tundu, kwa ajili ya moto. Nimekuta mahali ambapo mafundi wa nyaya walikata uwazi wa kupenya mtu wakauacha hivyo. Uzibwe kwa bodi za jipsamu zinazostahimili moto kabla hujapandisha sanduku la kwanza.